DAWA KABLA YA KUNG'OA JINO: NANI APEWE NA NANI ASIPEWE

Ifuatayo ni nakala ya mazungumzo yaliyosomwa na mmoja wa madaktari wa meno wa Serikali mbele ya matabibu wa meno, wauguzi na wauzaji wa maduka ya dawa wa Unguja na Pemba. Inachapishwa katika ukurasa huu wa matangazo kwa faida ya wananchi wote, hususan wenye maradhi ya moyo na wazazi wa watoto waliowahi kupasuliwa moyo.





 Nazungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulikuta kazini karibu kila siku, lakini ni nadra sana kulikalia kitako na kulizingatia.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu anakuja kung'oa jino. Je, apewe antibayotiki kabla ya kung'olewa ili kumkinga na madhara? Jibu langu nitalitanguliza sasa hivi, kisha nitalieleza. Walio wengi, hapana. Wachache sana, ndiyo. Na kwa hao wachache, kuikosa dawa hiyo kunaweza kuwagharimu maisha yao. Masikitiko yangu ni kwamba sisi tumelipindua jambo hili. Tunawapa wasiohitaji, na tunawasahau wanaohitaji.

Nisiwanyooshee wenzangu kidole. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilikuwa nikimwandikia kila niliyemng'oa jino vidonge vya rangi mbili vya siku tano, awe mzima au mgonjwa, kijana au mzee. Niliona ndiyo hisani, na mgonjwa naye aliona hajatibiwa mpaka aondoke na pakiti mkononi. Kisha siku moja, katika kituo nisichokitaja, akaja kijana wa miaka kumi na tisa kung'oa gego lililooza. Nilimtia ganzi, nikamng'oa, nikampa vidonge vyangu vya siku tano aende zake. Sikumuuliza kitu. Wiki ya tano mama yake alinifuata, akaniambia mwanawe ana homa isiyokatika, anatokwa jasho usiku na amekonda. Walikwisha kumtibu malaria, wakamtibu na taifodi. Hapo ndipo nilipoambiwa kuwa kijana yule alitiwa vali ya bandia moyoni alipokuwa mdogo. Kadi yake ya hospitali ilikuwa sandukuni nyumbani. Kijana alipona, alhamdulillahi, lakini baada ya wiki sita za sindano za mshipa. Siwezi kudai kwa yakini kwamba jino lile ndilo lililomletea maradhi. Ninachoweza kudai ni kwamba dawa niliyompa ilikuja baada ya kazi badala ya kutangulia, na kwamba swali moja tu lingebadilisha kila kitu.

MARADHI TUNAYOYAKINGA

Kinywa cha mwanadamu hakikosi vijidudu. Wengi wao, wakiwemo wale wa jamii ya streptokoki, hukaa humo bila ya kudhuru. Jino linapong'olewa, au fizi inapokwanguliwa, vijidudu hao huingia katika damu. Kwa mtu mwenye moyo mzima, mwili huwamaliza baada ya muda mfupi. Lakini kwa mtu mwenye vali ya bandia, au aliyewahi kuathirika ngozi ya ndani ya moyo, vijidudu hupata pahala pa kujibanza, wakaota na kuzaana. Haya ndiyo maradhi ya uambukizo wa ngozi ya ndani ya moyo, ambayo wataalamu huyaita endokaditisi. Si maradhi ya kawaida, lakini ni makali. Hata katika nchi zenye hospitali za vifaa kamili, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hufariki kabla hajatoka hospitali. Tiba yake ni antibayotiki za mshipa kwa wiki nne hadi sita, na pengine upasuaji wa kubadilisha vali.

Kwa hiyo mwaka 1955 Jumuiya ya Moyo ya Marekani ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwakinga wagonjwa hao kwa penisilini kabla ya matibabu ya meno. Mwongozo huo umebadilishwa mara nyingi tangu hapo, na kwa jumla umeelekea kwenye kupunguza. Mwaka 1990 mtu mzima aliagizwa ameze amoksilini gramu 3 saa moja kabla ya kazi, na gramu 1.5 saa sita baada ya hapo. Mwaka 1997 dozi ya pili iliondolewa, na ya kwanza ikashushwa hadi gramu 2. Mwaka 2007 yalikuja mabadiliko makubwa zaidi, nayo yalihusu watu: wenye kasoro ndogo ndogo za vali, ambao zamani walikuwa wakipewa dawa, waliondolewa, wakabakishwa wale tu walio katika hatari kubwa kabisa. Mwaka 2021 Jumuiya hiyo ilipitia tena ushahidi uliopo na kuuthibitisha msimamo huo.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wapunguze? Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni kwamba vijidudu hawaingii katika damu siku ya kung'oa jino peke yake. Mwaka 2008 yalichapishwa Marekani matokeo ya uchunguzi wa watu 290. Kati ya waliong'olewa jino bila ya dawa, asilimia 60 walionekana na vijidudu wa aina hiyo katika damu. Kati ya waliong'olewa baada ya kumeza amoksilini, asilimia 33. Na kati ya waliopiga mswaki tu, asilimia 23. Jino hung'olewa mara moja. Mswaki hupigwa kila siku, mwaka baada ya mwaka. Ikiwa fizi ni mbovu, basi hatari ya mwaka mzima ni kubwa kuliko hatari ya asubuhi moja ya kung'oa jino.

Sababu ya pili ni kwamba dawa nayo ina madhara yake, nami nitayaeleza mbele.

Nisiwafiche kwamba wataalamu hawakukubaliana wote. Huko Uingereza, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilitamka mwaka 2008 kwamba kinga hii iachwe kabisa, hata kwa wenye hatari kubwa. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi ulioonesha kuwa baada ya tamko hilo utoaji wa dawa ulishuka sana, na wagonjwa wa endokaditisi wakaongezeka kuliko ilivyotarajiwa, ingawa waandishi wenyewe walisema hilo halikuthibitisha kwamba jambo la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Mwaka 2016 taasisi ile ililegeza kauli yake, ikasema kinga isitolewe kama desturi, ikamwachia daktari na mgonjwa wake nafasi ya kuamua. Madaktari wa moyo wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2023, wamesisitiza kwamba wenye hatari kubwa wapewe. Huo ndio msimamo ninaousimamia mimi.

NANI APEWE

Ndugu zangu, orodha ni fupi, na naomba kila chumba cha meno kiibandike ukutani:

1. Mwenye vali ya moyo ya bandia, au ambaye vali yake imetengenezwa kwa kutiwa kitu cha bandia.

2. Aliyewahi kuugua endokaditisi, hata kama ni miaka mingi iliyopita.

3. Aliyezaliwa na kasoro ya moyo inayomfanya awe na rangi ya samawati midomoni na kwenye kucha, ikiwa haijatengenezwa, au imetengenezwa kwa njia ya kupunguza taabu tu.

4. Aliyetengenezwa kasoro ya kuzaliwa kwa kiraka au kifaa cha bandia, katika miezi sita ya mwanzo baada ya kazi hiyo. Na baada ya miezi sita pia, ikiwa imebakia tundu au uvujaji jirani na kiraka.

5. Aliyepandikizwa moyo na akapata ubovu wa vali.

Linabaki suala la homa ya baridi yabisi, ambalo kwetu ni kubwa kuliko katika nchi zilizoandika miongozo hii. Maradhi haya huanza kwa koo la mtoto na huishia kwa kuharibu vali. Mwongozo wa Marekani hauwaingizi wagonjwa hawa mpaka watiwe vali ya bandia. Lakini New Zealand, mwaka 2008, iliwaingiza, na Australia nayo iliwaingiza wenyeji asilia wake, kwa kuwa ndio wanaosumbuliwa zaidi na maradhi hayo. Hali yetu inafanana na ya wenyeji hao kuliko ya Wamarekani. Ushauri wangu ni kwamba tabibu wa meno asiamue peke yake. Amwandikie daktari wa moyo barua yenye swali moja: mgonjwa huyu akinge au asikinge? Jibu libandikwe katika kadi yake, ili asiulizwe upya kila anapokuja.

Yapo makosa mawili ya kuangaliwa hapa. Mgonjwa wa baridi yabisi hupigwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne. Sindano hiyo inamkinga na homa kurudi; haimkingi siku ya kung'oa jino. Na kwa kuwa vijidudu wa kinywani mwake wamekwisha kuizoea penisilini, akihitaji kinga apewe dawa ya jamii nyingine, si kuongezewa hiyo hiyo.

KAZI ZIPI, DAWA IPI

Kinga hutolewa kwa kazi inayogusa fizi, au ncha ya mzizi wa jino, au inayotoboa ngozi ya kinywa: kung'oa, kukwangua ukoga chini ya fizi, kutibu mzizi na upasuaji. Haihitajiki kwa sindano ya ganzi katika nyama isiyo na uambukizo, wala kwa picha ya eksirei, wala kwa kuvaa meno ya bandia ya kuvua, wala kwa mtoto anayeng'oka jino la utoto, wala kwa aliyeanguka akapasuka mdomo.

Dawa ni amoksilini, gramu 2 kwa mtu mzima, mara moja tu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi. Vidonge vya miligramu 500 ni vinne. Vya miligramu 250 ni vinane. Mtoto hupewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wake, bila ya kuzidi dozi ya mtu mzima. Mtoto wa kilo 20, kwa mfano, hupewa miligramu 1000. Kwa hiyo mtoto apimwe kwenye mizani. Asikisiwe kwa macho. Ikiwa miadi ni saa 3:00 asubuhi, dawa imezwe baina ya saa 2:00 na saa 2:30, na ni bora imezwe hapo hapo kituoni mbele ya muuguzi. Ikiwa imesahauliwa, inaweza kutolewa ndani ya saa mbili baada ya kazi, lakini tusiifanye kuwa ndiyo desturi.

Asiyepatana na penisilini hupewa asithromaisini au klarithromaisini miligramu 500, au doksisaiklini miligramu 100. Sefaleksini gramu 2 nayo hufaa, isipokuwa kwa mtu ambaye penisilini ilimvimbisha uso, ikamtoa vipele vya kuwasha au ikambana pumzi. Klindamaisini, ambayo wengi wetu tulifundishwa kuitumia, imeondolewa katika mwongozo wa mwaka 2021, kwa sababu hata dozi moja yake imejulikana kuleta kuharisha kubaya na uvimbe wa utumbo mpana.

Na ikiwa mgonjwa anatumia antibayotiki kwa maradhi mengine, na kazi ya meno si ya dharura, asubiri hadi zipite siku kumi baada ya kumaliza.

Wapo watakaouliza habari ya mwezi wa Ramadhani. Dawa hii humezwa, nayo huingia saa za mchana. Kazi isiyo na haraka iahirishwe hadi Mfungo Mosi. Ikiwa kazi haiwezi kungoja, mgonjwa aelezwe kwa upole kwamba yeye ni mgonjwa, na ashauriane na wanaomwongoza katika dini yake. Tusimwache akaficha, akasema amemeza naye hakumeza.

WASIOHITAJI

Sasa nije kwa hao walio wengi. Mtu mwenye moyo mzima anayekuja kung'oa jino hahitaji dawa ya kinga. Mwenye presha hahitaji kwa sababu ya presha yake. Aliyewekewa goti au nyonga ya bandia, kwa kawaida hahitaji. Jumuiya ya Madaktari wa Meno ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2015. Mwenye kisukari aliyekidhibiti hahitaji kwa sababu ya kisukari peke yake. Asiyekidhibiti, tuongee na daktari wake.

Wapo wasemao: "Lakini dawa huzuia kidonda kutunga usaha." Ni kweli kwa kiasi. Mapitio ya ushahidi yaliyofanywa na Cochrane mwaka 2021 yalikadiria kwamba ili kumkinga mtu mmoja na uambukizo baada ya kung'olewa jino, hasa gego la mwisho, watu wapatao 19 wanapaswa kupewa dawa. Kumi na wanane kati yao hawapati faida yoyote, na wanabeba madhara yote: kuharisha, vipele, na mara chache, kubanwa pumzi na kuzimia. Kwa watu wazima wa afya, haifai.

Na jino linalouma kwa kuoza halitibiwi kwa antibayotiki. Maumivu yale yamo ndani ya jino, pahala ambapo damu haifiki vizuri. Dawa yake ni kuziba, kutibu mzizi au kung'oa. Mtu anayekwenda dukani kila mwezi kununua vidonge sita vya rangi mbili na vinne vya metronidazo anauahirisha ugonjwa wala hautibu, na huku anawafundisha vijidudu wake kupigana. Nyinyi wenzangu wa maduka ya dawa mnajua ninalosema. Najua pia kwamba mkikataa kuuza, mteja huvuka barabara akanunua kwa jirani. Kwa hiyo ombi langu ni kwamba mkatae wote kwa pamoja, na mumwelekeze mgonjwa kwenye kituo cha meno.

Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel, kwamba vijidudu wakipewa dawa kidogo kidogo watajifunza kuistahimili. Tumekwisha kufika huko. Wataalamu wamekadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya vijidudu walio sugu kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Sisi wa visiwani hatuna ghala la dawa nyingine za kukimbilia. Amoksilini ikitufia mikononi, yule mtoto mwenye kiraka moyoni tutamkinga kwa nini?

KINGA ILIYO BORA

Ndugu Mwenyekiti, nimezungumza sana juu ya vidonge, lakini kinga iliyo bora haiuzwi dukani. Ni kinywa safi. Mgonjwa wa moyo mwenye fizi nzima huwapunguzia vijidudu mlango wa kuingilia. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Mti wa mswaki waliotuachia wazee wetu bado ni msaada mzuri, ukitumiwa kwa makini na ncha yake ikikatwa upya mara kwa mara. Amwone tabibu wa meno walau kila miezi sita, hata kama haumwi. Na mtoto anayengojea kupasuliwa moyo, iwe Dar es Salaam au nje ya nchi, meno yake yatazamwe na kutengenezwa kabla ya safari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Namalizia kwa kuwakumbusha wananchi mambo manne, na naomba yachapishwe kwa herufi nzito:

(a) Mwenye maradhi ya moyo, au aliyepasuliwa moyo, amwambie tabibu wa meno kabla ya kukaa kwenye kiti, na aje na kadi yake.

(b) Mzazi asiseme "alikwisha kupona" na kunyamaza. Kiraka kilichomo moyoni hakionekani kwa macho.

(c) Mgonjwa wa moyo anayepata homa isiyoeleweka, hasa katika wiki chache baada ya matibabu ya meno, aende hospitali na aeleze habari zote mbili, moyo na jino, ili damu yake ichukuliwe na kuoteshwa maabara kabla ya kumeza antibayotiki yoyote.

(d) Mtu mzima wa afya asidai dawa baada ya kung'oa jino. Kuondoka mikono mitupu si kudharauliwa. Ni dalili kwamba ametibiwa ipasavyo.

Na kwa sisi wa kazi, liko jambo moja tu. Kabla ya kushika koleo, tuulize: "Una maradhi yoyote ya moyo? Umewahi kupasuliwa moyo? Kuna dawa isiyopatana nawe?" Maswali haya hayachukui dakika moja. Yule mama aliyenifuata wiki ya tano hakunilaumu hata kwa neno moja, akaniuliza tu: "Daktari, mbona hukutuuliza?" Tangu siku hiyo nauliza, nami nawaomba nanyi muulize.